Nyumba, Kichwa, Kaya

Tarehe 1 Aprili 1898 nyumba za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilianza kudaiwa kodi. Amri ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia kwa Gavana Eduard von Liebert: rupia tatu kwa nyumba ya shamba, na zaidi ya hapo kwa nyumba za mjini. Mtu aliweza kulipa kwa fedha, kwa mazao au kwa kazi. Liebert alikuwa mwanajeshi, na hakuwa akitafuta mapato peke yake. Serikali yake ilitaka watu waizoee sarafu, na walowezi wa Tanga na Usambara walikuwa wakilia kila siku kwamba hawapati wafanyakazi. Kodi ingefanya kazi zote mbili.

Kwa nini nyumba? Kwa sababu nyumba haikimbii. Askari wakionekana wanapanda kilima, mwenye mji ataingia msituni, mbuzi watahamishiwa bonde la pili, nafaka itafichwa. Lakini paa litabaki pale pale, linaonekana tangu njiani. Akida, ambaye mara nyingi alikuwa mtu wa pwani aliyepewa kutawala watu wasio wake, hakuhitaji kujua nani ana nini. Alihitaji kuhesabu mapaa tu. Hesabu hiyo hata aliyeichukia aliweza kuielewa.

Ugumu ulikuwa ndani ya boma. Kwa makabila mengi ya bara, mtu mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, na nyumba ya mke haikuwa chumba cha kulala. Ilikuwa na jiko lake, ghala lake, shamba lake na watoto wake, na mume hakuwa na ruhusa ya kuchota ghala la mmoja akalishe kwa mwingine. Mjane naye alikuwa na nyumba yake, hata kama hakuwa na mtu wa kumlimia. Kwa hiyo amri iliyoandikwa kama kodi ya jengo iligeuka kuwa kodi ya ndoa na kodi ya ujane, ingawa maneno hayo hayamo katika amri yenyewe.

Watu walijibu kwa namna ambayo mtu yeyote mwenye akili angejibu: wakapunguza nyumba. Wake wenza waliokuwa hawapikiani wakatiwa chini ya paa moja. Kijana aliyekwisha kuoa akachelewa kujenga, akabakia uani kwa baba yake. Bibi kizee akavunjiwa kibanda, akapelekwa kwa mwanawe. Waingereza, walipoanza kutoza kodi ya nyumba ng'ambo ya mpaka, Kenya, mwaka 1901, walikutana na jambo hilo hilo, na vijana wasio na nyumba wakawa wanapita katikati ya vidole vya serikali. Mwaka 1910 wakaongeza kodi ya kichwa ili kuwapata. Percy Girouard, gavana wa Kenya wa miaka hiyo, alisema waziwazi kwamba kodi ndiyo njia ya kumtoa Mwafrika katika eneo lake aende akatafute kazi. Ni nadra mtawala kukiri kitu kama hicho, na binafsi namshukuru, maana ametupunguzia kazi ya kubahatisha nia yake.

Upande wa Wajerumani mambo yalikazwa mwaka 1905. Gavana Götzen alitaka kodi ilipwe kwa fedha taslimu, na asiye na fedha aifanyie kazi serikali. Kusini mwa nchi amri hiyo iliwakuta watu ambao tangu 1902 walikuwa wakilazimishwa kulima mashamba ya pamoja ya pamba chini ya usimamizi wa maakida na majumbe, kwa malipo duni kiasi kwamba wengine waliyakataa. Siku ya kazi iliyokwenda kwenye pamba ya serikali ilitolewa kwenye palizi ya nyumbani, na zao lililopotea nyumbani ndilo lililokuwa lilipe kodi. Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waliing'oa pamba. Mengine yanajulikana: maji ya dawa ya mganga Kinjikitile wa Ngarambe, vita vya Maji Maji vilivyoenea kusini nzima, na njaa iliyofuata baada ya jeshi kuchoma mashamba na maghala. Serikali yenyewe ilikadiria vifo 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wametaja idadi kubwa zaidi mara kadhaa. Kusema kwamba Maji Maji ilikuwa vita ya kodi itakuwa kurahisisha mno. Hata hivyo kodi na pamba vilikuwa na kitu kimoja: vyote viwili viliingia ndani ya ratiba ya kaya na kuivuruga katika miezi ile ile ya mvua.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika walitunga sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Hawakubuni kitu kipya. Nyumba ya mke wa pili na wa tatu iliendelea kulipiwa, wazee na walemavu waliweza kusamehewa wakimridhisha ofisa, na asiyelipa alipelekwa kufanya kazi za serikali. Kenya walikuwa wakali zaidi. Mwaka 1920 kodi ilipandishwa hadi shilingi 16, kisha walowezi wakakubaliana kupunguza mishahara. Harry Thuku aliyekusanya watu kupinga hayo alikamatwa Machi 1922, na polisi wakawapiga risasi watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiwe. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa mbele kabisa, na aliuawa. Baadaye mwaka huo huo kodi ilishushwa hadi shilingi 12.

Ukiitandaza ramani ya Tanganyika ya miaka ya 1930 utaona kitu ambacho hakuna aliyekipanga kwa kalamu moja. Palipo na zao la fedha, wanaume wako nyumbani. Pasipo na zao la fedha, wanaume wako Tanga. Kigoma, Njombe na Songea zilikuwa mbali na reli au mbali na soko, na kodi yake ilikuwa ya shilingi zile zile. Njia ya kuipata ilikuwa ni kwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge. Huko mtu alipewa kipande, kadi yenye nafasi thelathini. Kila alipomaliza kazi ya siku nafasi moja ilitiwa alama, na mshahara ukatoka zilipojaa zote. Kazi isipomalizika, alama haiwekwi, hata kama jua limemchoma tangu asubuhi. Mtu aliweza kukaa shambani wiki sita ili apate "mwezi" mmoja. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, SILABU, ikawa inawasomba kwa malori na treni kutoka huko mbali.

Kijijini alikobaki mke, hesabu ilikuwa nyingine. Kufyeka msitu na kuangusha miti mikubwa ilikuwa kazi ya mwanamume. Asipokuwepo, shamba jipya halifunguliwi na la zamani linalimwa mpaka linachoka. Muhogo, usiodai palizi nyingi na unaovumilia ardhi iliyochoka, ulijaza nafasi ya nafaka. Mabwana wa kilimo waliandika kwamba wenyeji ni wavivu wa kulima. Walikuwa wakiliangalia shamba, hawakuangalia daftari la kodi lililokuwa ofisi ya jirani.

Kilimanjaro ilikuwa kinyume. Kahawa ilikwisha fikishwa huko na wamisionari kabla ya karne kugeuka, na katika miaka ya 1920 mkuu wa wilaya, Charles Dundas, aliwahimiza Wachagga waipande kwenye vihamba vyao vya migomba. Walowezi walipiga kelele. Walisema kahawa ya Mwafrika italeta magonjwa ya mimea, lakini hofu yao kubwa ilikuwa rahisi kuielewa: mtu anayelipa kodi kwa debe lake la kahawa haendi kuchuma kahawa ya mtu mwingine. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao chini ya Joseph Merinyo, na chama hicho ndicho kilichozaa chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, miaka michache baadaye. Kodi iliyotungwa kuwatoa watu majumbani iliwafanya Wachagga wakae nyumbani na kulima zaidi. Kwa Wahaya wa Bukoba na Wasukuma wa pamba ilikuwa vivyo hivyo kwa kiasi kikubwa. Shilingi ni ile ile, sheria ni ile ile; kilichotofautiana ni kama kaya ilikuwa na njia ya kuipata bila kumpoteza mtu.

Sasa tupande milima ya Upare, maana huko yalitokea mambo ambayo hayapati nafasi ya kutosha katika vitabu vya shule.

Kodi ya kiwango kimoja ina kasoro ambayo hata mtoto anaiona: tajiri mwenye ng'ombe arobaini na maskini mwenye kuku watatu wanalipa sawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 maofisa wa Kiingereza na baraza la machifu wa Upare walitaka kuirekebisha kwa kuongeza juu yake kodi ya ngazi: mwenye vingi atoe zaidi, mwenye vichache atoe kidogo. Wakaipa jina la mbiru, lililokuwa jina la ushuru wa kale waliopewa watemi. Kwenye karatasi ilikuwa kodi ya haki kuliko zote zilizokuwa zimewahi kutozwa katika nchi. Mchumi yeyote wa leo angeipigia makofi.

Wapare waliikataa moja kwa moja. Ili ujue nani ni tajiri, lazima mtu aingie nyumbani kwake ahesabu. Kamati za wakadiriaji zilipita zikiangalia mifugo, mashamba, mibuni, na kisha kila mtu akapangiwa kiwango. Nani alikuwa kwenye kamati? Watu wa chifu, na watu waliojuana na watu wa chifu. Jirani aliyegombana nawe kuhusu mfereji wa maji mwaka juzi sasa ana daftari mkononi, na anaandika una ng'ombe wangapi. Ng'ombe wenyewe huenda si wako: Upareni, kama kwingineko, mtu huweka ng'ombe wake kwa rafiki ili wasife wote kwa ugonjwa mmoja, ili apate mbolea na maziwa, na, tuseme ukweli, ili wasionekane wote mahali pamoja. Kamati ikiwakuta kwako ni wako. Na mtu aliyekadiriwa zaidi ya mwenzake hakuwa na njia ya kujua kipimo kilichotumika.

Januari 1945 wanaume walishuka kutoka milimani wakaenda makao makuu ya wilaya, Same, wakakusanyika kwa maelfu wakidai mbiru ifutwe. Hawakwenda na silaha. Walikaa. Wengine walikaa kwa majuma, chakula kikiletwa kutoka nyumbani, na serikali haikujua la kuwafanya, kwa sababu kukaa chini hakukuwa kosa lililoandikwa. Jambo lililowachanganya maofisa ni kwamba watu hawa hawakukataa kulipa. Walisema wako tayari kuongezewa kodi ya kawaida, mradi iwe sawa kwa wote.

Mgomo uliendelea, na mzigo wake ukahamia kwa wanawake waliobaki na mashamba. Hatimaye nao wakaondoka, wakimtafuta Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya. Huko Usangi, mojawapo ya sehemu za Upare, inasimuliwa kwamba walimwambia achague: amalize suala la kodi waume zao warudi nyumbani, ama sivyo awape yeye mimba wote. Msomi wa Kimarekani Jean O'Barr aliliandika tukio hilo katika miaka ya 1970, na Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenyewe, aliuandikia mgomo mzima kitabu chembamba mwaka 1971. Katika utani ule wa wanawake mna hoja kamili ya uchumi. Kodi iliyokusudiwa kugawana mzigo kwa haki ilikuwa imeondoa nusu ya nguvu kazi ya nyumba, na gharama hiyo haikuwemo kwenye daftari la mkadiriaji.

Mbiru ilifutwa, na mahali pake ikaja nyongeza ya kiwango kimoja. Maskini wa Upare alishinda haki ya kulipa zaidi ya alivyokuwa akidaiwa na mbiru. Wapo wanaoona huo ni ujinga. Mimi naona alikuwa ananunua kitu: kutopimwa na jirani yake.

Baada ya uhuru kodi ya kichwa iliendelea chini ya halmashauri mpaka 1969 ilipofutwa. Ulikuwa wakati wa Azimio la Arusha, na kumfukuza mkulima kwa ajili ya stakabadhi kulifanana mno na ukoloni. Mwaka 1972 halmashauri zenyewe za vijijini zikaondolewa. Lakini serikali haikuacha kuchukua; iliacha kubisha hodi tu. Mamlaka za mazao zilinunua kahawa, pamba na korosho kwa bei zilizopangwa, zikakata gharama zao na kodi ya serikali, kisha mkulima akapata kilichobaki, na mara nyingi alikipata baada ya miezi. Vyama vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, hata pa kulalamikia pakapungua. Hakuna aliyeandamana kupinga kodi ambayo haina jina. Watu waliacha mibuni ijiotee majani, au walivusha magunia usiku mpaka Kenya ambako bei ilikuwa nzuri, na neno magendo likawa la kila siku. Mwanamume hakuhitaji tena kukimbilia msituni. Zao ndilo lililokimbia.

Halmashauri ziliporudi mwaka 1984 zilihitaji fedha, na kodi ya kichwa ikarudi ikiwa na jina la kodi ya maendeleo. Waliokuwa vijana miaka ya 1990 wanaikumbuka vizuri. Kizuizi kinawekwa barabarani alfajiri ya siku ya gulio, mgambo wawili na mtendaji mwenye kitabu, na anayeshuka na baiskeli yake ya ndizi anaulizwa risiti. Asiyekuwa nayo anaacha ndizi, au baiskeli, au anakwenda lokapu. Matokeo yalikuwa wazi: siku za msako wanaume hawakwenda sokoni, wakawatuma wake na watoto. Kwa kuwa wilaya nyingi hazikuwadai wanawake, biashara ndogo ya kijiji ikazidi kuwa mikononi mwao, na sidhani kama kuna waziri aliyewahi kuitaja faida hiyo bungeni. Arumeru mwaka 1998 watu waligoma kabisa kulipa. Bajeti ya mwaka 2003 ikaifuta kodi ya maendeleo nchi nzima, na Uganda ikafuata kwa kodi yake kama hiyo miaka miwili baadaye.

Wakati kodi ya kichwa inakufa, mkono mwingine wa serikali ulikuwa umeanza kunyooshwa. Ada ya shule ya msingi ilikwisha kuondolewa, na madarasa ya kwanza yakafurika watoto ambao wazazi wao walikuwa wakisubiri tu kizuizi hicho kiondoke. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza mwaka 2000 kwa kujenga: zahanati, madarasa, visima. Kutoa fedha mkononi kulijaribiwa kuanzia 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Vijiji 80 vilichukuliwa, 40 vikapewa na 40 vikasubiri ili walinganishe. Kaya zilipokea fedha kila baada ya miezi miwili, kwa masharti: watoto waende shule, wadogo wapelekwe kliniki, wazee wapimwe afya.

Yaliyoonekana yaliwashangaza waliotabiri kwamba fedha zitaishia kwenye pombe. Watoto wa kaya zilizopokea walikuwa na viatu zaidi. Kaya zilikata kadi za Mfuko wa Afya ya Jamii zaidi kuliko wenzao. Zilinunua kuku na mbuzi. Safari za kwenda zahanati zilipanda mwanzoni kisha zikashuka, huku afya ikiwa imeboreka. Anayelijua jembe la mkono hatashangaa kuhusu kuku. Fedha inayokuja kwa tarehe inayojulikana haifanani na fedha ya kibarua. Unaweza kuikopea, unaweza kupanga nayo, na kuku ndiye benki iliyo karibu zaidi na mlango. Mwaka 2012 Rais Kikwete alizindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na baada ya miaka michache zaidi ya kaya milioni moja zilikuwa kwenye orodha.

Orodha hiyo hutengenezwaje? Kwa mkutano wa kijiji. Watu hukaa chini ya mti, hukubaliana vigezo vya umaskini hapo kwao, kisha majina husomwa na wenzao husema ndiyo au hapana. Baadaye hupita dodoso la kuhakiki: nyumba imeezekwa kwa nini, mnakula mara ngapi, mna mifugo gani. Ni kamati ya mbiru imerudi, ila safari hii mtu anaomba aandikwe mdogo. Manung'uniko nayo ni ya zamani: ameandikwa ndugu wa mwenyekiti, ameachwa mjane wa mtaa wa juu. Baadaye serikali ilipohakiki iliondoa maelfu ya kaya, zikiwemo zilizoitwa kaya hewa. Na mwanamke aliyenunua mbuzi kwa fedha ya TASAF huwa na swali la haki kabisa: mbuzi huyu akizaa, je, bado mimi ni maskini? Katika vijiji utasikia watu wakisema bati lisubiri kwanza mpaka uhakiki upite. Hilo si jambo la kuwalaumu. Babu zao walichelewa kujenga nyumba kwa sababu hiyo hiyo.

Kaya yenyewe hutafsiriwa kuwa ni watu wanaokula chungu kimoja. Ukiwa na bibi anayekula kwako mchana na kwa dada yako usiku, ni wa kaya ipi? Kwenye dodoso lazima awe wa moja. Mara nyingi pesa hupokelewa na mama wa nyumba, na hapo kitu kinabadilika kimyakimya. Mwaka 1898 aliyedaiwa kwa niaba ya nyumba alikuwa mume, hata kwa nyumba ambayo jiko, ghala na shamba lake havikuwa vyake. Siku ya malipo ya TASAF anayepanga foleni, anayetia dole gumba na anayefunga noti kwenye pindo la kanga ni mke, na mume anayetaka mia mbili ya sigara inabidi aombe.

Zanzibar walikwenda njia nyingine. Aprili 2016 serikali ya huko ilianza kumlipa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza ana nyumba ya namna gani wala mwanawe anafanya kazi wapi. Aliyekuwa mkurugenzi na aliyekuwa mvuvi hupanga foleni moja. Wapinzani wa utaratibu huo husema ni kuwapa wasiohitaji, na ni kweli wamo. Wanaoutetea hutaja gharama ndogo ya kuendesha, kwani hakuna dodoso, na kwamba hakuna mzee aliyelazimika kusimama mbele ya majirani kuthibitisha dhiki yake. Bara pensheni ya namna hiyo imezungumzwa kwa miaka mingi, na kila inapozungumzwa swali la kwanza huwa ni fedha zitatoka wapi. Swali la pili, la nani atakayehesabu na atahesabu nini, halijapata muda wake bungeni, ingawa wazee wa Usangi walilitembelea kwa miguu mpaka Same.